Mtoto Anapokula Mikono Yake

Tarehe tisa Aprili mwaka huu nilimpoteza kaka yangu mkubwa, Nyamweya. Kwetu Kenyenya tulizaliwa sita, sasa nimebaki peke yangu. Sisemi hivyo ili mnihurumie. Ninyi wasichana mnaolea watoto pale Keumbu mliniomba niwaandikie ninayoyajua kuhusu mtoto mchanga anayelialia na kutafuna mikono, na kila nikishika kalamu anakuja yeye. Kwa hiyo mtavumilia. Nitaandika mambo ya kazi, na humo ndani mtamkuta kaka.

Mnajua nilikofanya kazi, ile nyumba ya mabati nyuma ya soko, ambako akina mama wa ndizi na mboga huacha watoto asubuhi na kuwachukua jioni. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba. Kazi nilifunzwa na Mama Bosibori aliyeianzisha nyumba hiyo, mwanamke mnene mwenye sauti ya mwanamume. Alikuwa anaweza kubeba mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani, na bado akageuka kukukosoa unavyokoroga uji.

Siku zangu za mwanzo alinipa mtoto wa miezi mitatu. Mtoto alikuwa ametia ngumi nzima mdomoni, mate yanamtiririka mpaka shingoni.

"Anaota meno," nikasema, ili nionekane najua.

"Umeyaona?"

"Bado, lakini anatafuna mkono."

"Na wewe ukijikuna kichwa, niseme una chawa?"

Wenzangu walicheka mpaka watoto waliolala wakaamka. Lakini lile ndilo lilikuwa somo la kwanza, na mimi nawapa ninyi kama nilivyopewa. Mkono mdomoni haukwambii kitu kimoja. Mtoto wa miezi miwili au mitatu ndiyo kwanza anagundua kwamba ana mikono. Anaitazama, anaigeuza, kisha anaipeleka mahali pekee anapopajua vizuri. Kama ametulia na macho yake yanacheza, mwacheni. Anajifunza. Kazi yenu ni kumkata kucha na kumwosha mikono, kwa sababu kila alichoshika kitaingia tumboni.

Meno nayo yapo, sikatai. Wengine huanza kusumbuliwa mwezi wa nne, wengine mwezi wa sita, na nimelea mmoja aliyefikisha mwaka bila jino hata moja, akawa anaguguna mkate kama mzee. Mtoto wa meno huuma kila kitu: bega lako, kamba ya leso, kidole cha mwenzake. Ufizi huvimba kidogo na kidevu hufanya vipele vya mate. Mpeni kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi aume, au osheni kidole vizuri mmsugue ufizi. Basi. Lakini mtoto mdogo akiwa moto mwilini, akiharisha, au akiacha kunyonya, msikae mkisema ni jino. Mpelekeni hospitali. Mama Bosibori alikuwa akisema jino linasingiziwa mambo mengi kwa sababu haliwezi kujitetea.

Kuna mwingine hula mikono kwa sababu amechoka. Amepitishwa kutoka mkono hadi mkono sokoni kama noti ya bandia, kila mtu anamtikisa na kumtekenya, na usingizi umempita. Huyo anataka giza kidogo, mgongo wa mtu, na kimya. Mwingine ana gesi tumboni. Mwekeni begani, mpigepige mgongo taratibu mpaka acheue.

Na mwingine, Mungu wangu, ana sababu ambayo huwezi kuiota. Kulikuwa na mama mmoja muuza pilipili. Mtoto wake alikuwa mpole asubuhi yote, kisha mama anakuja saa ya kunyonyesha, mtoto ananyonya kidogo, halafu anapiga kelele na kujitia mikono mdomoni kama anayetaka kuung'oa ulimi. Ikawa hivyo siku baada ya siku. Watu wakaanza kusema mtoto ametazamwa na mwenye jicho baya, asuguliwe kwa samli. Mama Bosibori akamwambia yule mama, "Hebu nionyeshe mikono yako." Akainusa. Akapiga chafya. "Wewe mwanamke, unamuungia mtoto maziwa kwa pilipili?" Tangu siku hiyo tuliweka beseni na sabuni mlangoni, na hakuna mama aliyemgusa mtoto kabla ya kunawa, hata kama anauza maua.

Kumbukeni pia vidole vya miguu. Mtoto akilia na hamwoni sababu, mvueni nguo zote, mmkague kama kuku wa sokoni. Siku moja tulimbembeleza mtoto mpaka tukachoka, anakula ngumi na kupiga mateke. Mama Bosibori alipomvua soksi tukakuta uzi wa kusukia nywele umejizungusha kwenye kidole cha mguu, kidole kimevimba kama zabibu. Mama yake alisukwa jana yake. Tulikata uzi kwa mkasi mdogo, na mtoto akalala hata kabla hatujamvalisha.

Hayo yote niliyajua, na nilikuwa nimeshastaafu, siku mke wa mpwa wangu aliponipigia simu kutoka Nyanchwa.

Huyo ni Kerubo. Mume wake Makori ni mtoto wa kaka yangu, anauza vipuri vya magari kwenye duka la Mhindi mjini Kisii. Walikuwa wamepata mtoto wa kike wakamwita Kemunto, jina la mke wa kaka, ambaye alitutoka zamani. Na kaka mwenyewe alikuwa akiishi nao. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemfanyia kidonda mguuni, na ilibidi kioshwe na kufungwa hospitalini mara kwa mara. Kutoka Kenyenya angefikaje kila mara na mguu ule?

"Shangazi, njoo umwone Kemunto," Kerubo aliniambia. "Anakula mikono karibu afike kiwiko. Analia mchana kutwa. Na Makori amesikia habari za mama fulani anayechimbua meno, anataka kumpeleka."

Nilipanda boda siku ileile.

Nyumba yao ni ya kupanga, vyumba viwili vilivyotenganishwa na pazia. Kaka alikuwa sebuleni kwenye kochi, mguu umewekwa juu ya stuli, fimbo pembeni. Kemunto alikuwa mikononi mwa mama yake, miezi mitatu, ngumi zote mbili zimelowa.

"Moraa, umekuja kuamua kesi?" kaka akaniambia. "Mke wangu amenikataa. Tangu nihamie hapa analia tu."

Kwetu babu humtania mjukuu hivyo, na huyu alikuwa na jina la mke wake hasa. Alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Makori akaanza kunieleza habari za yule mama wa meno. Eti chini ya ufizi kuna meno mabaya kama funza, yanachimbuliwa kwa waya wa baiskeli uliopashwa moto, na mtoto anapona siku hiyohiyo.

"Wewe ulichimbuliwa?" nikamuuliza.

"Sijui, shangazi."

"Mimi najua, nilikubeba. Hukuchimbuliwa. Na meno unayo, tuliyaona kwenye harusi yako ulipomaliza mbuzi wa watu."

Wakacheka. Kisha nikawaambia bila mzaha kwamba kile kinachoonekana cheupe chini ya ufizi ni jino lenyewe likiwa bado changa, na waya ule umewahi kuleta damu isiyokatika na pepopunda. Makori akaangalia chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa baba asiyelala.

Nilimchukua Kemunto. Ufizi ulikuwa laini, hakuna uvimbe. Mwili haukuwa moto. Nilimvua, nikatazama vidole vyote, masikio, mikunjo ya shingo. Nepi ilikuwa kavu. Hilo halikunipendeza. Nikamuuliza Kerubo, "Amenyonya lini?"

"Amenyonya."

"Lini?"

"Asubuhi," akasema, na jua lilikuwa limeshapita utosini.

Kemunto akageuza shingo akaanza kuchimba blauzi yangu kwa mdomo, anatafuta kwa bibi kizee kitu ambacho hakipo tena. Alipokikosa akarudi kwenye ngumi, akalia. Kaka akageuka haraka akatazama dirishani. Kerubo akatazama sakafu. Hapo ndipo nikaacha kumkagua mtoto, nikawatazama wao.

Ninyi mlio wadogo mnaisikia chinsoni kama neno la wazee, basi niwaeleze. Ni ile heshima na haya kati ya mtu na wakwe zake, na kati ya baba na mke wa mwanawe ni kali kuliko zote. Nyumbani kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mokamwana, yaani mke wa mwana, hamwonyeshi baba mkwe kifua chake hata akiwa ananyonyesha. Kaka alipougua, wazee wa Kenyenya walikaa wakasema nyumba ya kupanga mjini si nyumba ya boma, kwa hiyo anaweza kukaa. Wazee wetu wakitaka mlango huwa hawakosi pa kuutoboa. Lakini walichoruhusu ni miguu yake tu. Haya ilibaki mioyoni mwa hao wawili.

Nilimwita Kerubo nje, penye kamba za nguo. Akaanua nepi, akazikunja moja moja. Mwishowe akasema.

"Pazia ni jepesi, shangazi. Nikifungua nguo namsikia baba anakohoa hapo hapo, na maziwa yananirudi. Mtoto akivuta kwa sauti namtoa. Najiambia nitangoja baba asinzie. Lakini hasinzii, mguu unamuuma."

"Mbona hukumwambia Makori?"

"Nimwambie nini? Kwamba baba yake anazuia? Atafikiri nataka baba aondoke."

"Unataka aondoke?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Akirudi Kenyenya nani atampeleka kufungwa kidonda? Sitaki aende. Nataka tu mtoto wangu anyonye."

Nikarudi ndani. Makori alikuwa ametoka kununua mkate. Kaka aliniashiria nisogee karibu.

"Nirudishe nyumbani," akasema kwa sauti ya chini. "Nimekuja kukaa mahali ambapo baba hakai. Wazee walisema sawa, lakini mtoto ndiye anayelipa. Unaona anavyojila?"

Nilijua akirudi nyumbani mguu utaoza. Yeye pia alijua. Na nilijua nikimweleza lililopo ataondoka kesho yake asubuhi. Lakini sijui kumdanganya kaka. Sikuwahi.

"Mtoto ana njaa," nikamwambia.

"Njaa? Kwani mama yake hana ma..." Akaziba mdomo kwa kiganja, mzee mzima, kama mtoto aliyetukana kanisani.

"Anayo. Hana nafasi."

Akalitazama lile pazia. Nje mtu alikuwa akipasua kuni.

"Ni mimi," akasema.

"Ni pazia, kaka."

"Pazia halina chinsoni, Moraa."

Nilimwomba kitu kimoja tu, asiondoke kabla mtoto hajapimwa. Akakubali kwa kichwa.

Kliniki tulikwenda mimi na Kerubo. Muuguzi alimweka Kemunto kwenye mizani, akaona uzito haujaongezeka tangu mara ya mwisho. Hakugomba. Safari hii Kerubo alimweleza kweli yote, na yule dada akamsikiliza mpaka mwisho, akamwonyesha namna ya kumshika ili mdomo ujae, na kumwambia asingoje mtoto alie. Andikeni hilo mahali. Mtoto mwenye njaa huanza kwa kulamba midomo, kisha hugeuza kichwa akitafuta, kisha ngumi. Kilio huja mwishoni kabisa, na akishafika huko hata kunyonya kunamshinda kwa hasira. Kabla ya miezi sita asipewe uji wala maji, anyonye tu, na nepi za mkojo ndizo zitakazowaambia kama anashiba.

Niliwaza kupeleka pazia zito. Nililinunua kabisa, la rangi ya kahawia. Nilipofika nalo Nyanchwa nikamkuta kaka nje, kwenye kiti cha plastiki barazani, mguu juu ya ndoo iliyofunikwa, redio yake ndogo sikioni. Ilikuwa alasiri, ile saa yetu ya mvua. Matone yalikuwa yanarushwa na upepo mpaka kwenye suruali yake, na alikuwa amefungua mwavuli hapohapo chini ya paa.

Jirani mmoja, mama mcheshi, alikuwa akianua nguo.

"Mzee, wamekufukuza?"

"Nasikiliza habari."

"Mbona redio haisemi?"

"Inasema polepole. Wewe ndiye kiziwi."

Nilichukua ile redio nikaigeuza. Haikuwa na betri. Kaka akaninyang'anya akairudisha sikioni.

"Mke wangu anakula," akaninong'oneza. "Kaa hapa, usiingie."

Kerubo alinieleza baadaye jinsi ilivyoanza. Hakuna aliyemwambia mzee atoke. Siku moja tu Kemunto alipeleka ngumi mdomoni, na mzee akakohoa, akashika fimbo, akasema anataka hewa. Ilimchukua muda kufika mlangoni. Makori akiwepo humshika mkono, asipokuwepo hujikongoja mwenyewe kwa kushika ukuta. Huko nje hukaa mpaka amsikie mjukuu akicheua, ndipo anarudi. Hakuwahi kumtazama Kerubo usoni wakati akitoka, wala Kerubo hakuwahi kumshukuru kwa mdomo. Lakini chai yake ilianza kumfuata barazani.

Na nawaambia, nililea watoto maisha yangu yote, ila sikumfikia kaka kwa kumsoma yule mtoto. Mimi nilimjua Kemunto ana njaa kwa ngumi. Yeye alijua kabla ya ngumi. Akiona ulimi tu umechungulia, fimbo ilikuwa imeshaguswa. Akiona mtoto anasugua jicho huku anatafuna mkono, alisema, "Huyu anataka usingizi, mbebeni," na hakutoka. Siku moja alibishana na mimi. Nilisema ni njaa, yeye akasema anacheza. Tukangoja. Kemunto akautoa mkono mdomoni, akautazama, akacheka nao.

"Umestaafu kweli," kaka akaniambia.

Kemunto alinenepa. Mapaja yakajikunja, mashavu yakashuka. Pazia la kahawia walilitundika, lakini kaka aliendelea kutoka. Nilimuuliza kwa nini, na sasa pazia ni zito. Alisema hewa ya nje ni nzuri.

Sitawaambia kwamba mguu ulipona. Ulipata nafuu, ukarudi nyuma, ukapata nafuu tena. Siku ambazo hakuweza kusimama aligeukia ukutani akajifunika kofia usoni mpaka amsikie mtoto akicheua. Mwishoni alilazwa, na tarehe ile akatuacha.

Jino la kwanza la Kemunto lilitoka siku za matanga. Niliona mwenyewe, kwa sababu aliniuma kidole nikapiga kelele mbele ya wachungaji.

Jeneza lilifika Kenyenya alasiri, kesho yake tumzike. Lilikaa sebuleni katika nyumba yake mwenyewe, nasi wanawake tukaketi chini kulizunguka. Kerubo alikuwa kando yangu na Kemunto mapajani. Nikaona ulimi umechungulia. Kisha shingo ikageuka, kisha ngumi ikaingia mdomoni.

"Mnyonyeshe hapahapa, mokamwana," mama mmoja akamwambia. "Wanaume wako nje, ni sisi tu."

Kerubo alitazama jeneza. Akafunga leso vizuri, akainuka na mtoto wake, akainama sikioni mwangu.

"Baba alitoka mara nyingi kwa ajili yangu, shangazi. Leo nitoke mimi."

Mvua ilikuwa imeanza. Alipita katikati ya wanawake, akatoka kwenye baraza ya nyuma, akauvuta mlango taratibu nyuma yake. Kemunto alilia kidogo tu, kisha akanyamaza.